Kuomba Kuandikishwa kwenye Orodha ya Barua Pepe: Anwani Yako Hutambuliwaje

Kabla ya kutuma ombi, amua kwanza ni anwani gani utakayoitumia kusoma na kuandika, kwa sababu programu inayoendesha orodha, yaani kundi la anwani zinazopelekewa barua ile ile, haimjui mtu kwa jina wala kwa cheo, bali kwa anwani peke yake. Walimu wengi hapa Kampala wana anwani mbili, moja ya chuo inayoishia na ac.ug na nyingine ya Gmail iliyomo kwenye simu. Anayejiandikisha kwa ile ya chuo kisha akaandika kwa simu huhesabiwa kuwa mgeni, na barua yake huzuiwa.

Fungua kisanduku cha anwani uliyoichagua, kisha utume barua ya ombi kutoka humo humo. Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Programu za kuendesha orodha hazifanani: Mailman huanza kwa kusoma mstari wa From, yaani anwani ya mtumaji unayoiona juu ya barua; ezmlm hutazama anwani ya bahasha, ambayo seva hupeana na ambayo baadaye huonekana kwenye mstari wa Return-Path; na zipo programu zinazotanguliza Reply-To, yaani anwani ya kupelekewa majibu. Mimi niliwahi kuomba kwa kompyuta ya pamoja ya ofisi, ambayo Reply-To yake ilikuwa bado na anwani ya mwenzangu, na barua ya uthibitisho ikaenda kwake nami nikabaki kusubiri. Tangu hapo hukagua mistari hiyo yote mitatu.

Ikiwa huwezi kutuma kutoka anwani unayoitaka, itaje waziwazi. Kwa ezmlm, mtu mwenye anwani juma@example.com anayeomba kuingia orodha ya walimu@example.org hutuma barua kwa walimu-subscribe-juma=example.com@example.org, alama ya sawasawa ikishika nafasi ya @. Kwa Mailman, huandika subscribe address=juma@example.com na kuituma kwa walimu-request@example.org.

Kisha subiri barua ya uthibitisho, ambayo hufika kwenye anwani inayoandikishwa, ili mtu asiandikishwe bila ridhaa yake. Ijibu bila kubadilisha msimbo uliomo. Katika Mailman, muda wa kawaida wa kujibu ni siku 3, isipokuwa msimamizi awe ameubadilisha. Ukipita, ombi hufutwa, na itakubidi utume jingine.