Kuchagua neno la kurudia kwa hesabu: mfano wa umoja na wingi

Katika darasa langu la jioni hapa Kisumu, muda wa marudio hutosha maswali 12 tu, ilhali orodha yetu ya umoja na wingi ina maneno 60. Kwa hiyo huwa najiuliza ni neno lipi, likirudiwa leo, litakaloongeza alama nyingi zaidi siku ya mtihani.

Hatua ya kwanza ni kulipa kila neno kipimo cha uimara, yaani idadi ya siku ambazo zikipita bila marudio, uwezekano wa kulikumbuka hushuka hadi nusu. Neno lenye uimara wa siku 4 hubaki na asilimia 50 baada ya siku 4, na 25 baada ya siku 8. Huu ni ukadiriaji tu, lakini unatosha.

Pili, mwanafunzi akijibu sawasawa, zidisha uimara kwa mbili. Akikosea, ugawe kwa mbili.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Tuseme mtihani uko siku 8 mbele, na maneno yote yamerudiwa leo. "Ndimi" ina uimara wa siku 1, "nyufa" siku 4, na "nyavu", ambayo watoto wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, huijua kabla ya kufika shuleni, siku 16. Marudio moja zaidi yataipandisha "ndimi" kutoka asilimia 0.4 hadi 6, "nyufa" kutoka 25 hadi 50, na "nyavu" kutoka 71 hadi 84. Anza na "nyufa", ingawa mazoea ya walimu wengi, nami nikiwemo zamani, ni kulikimbilia neno gumu kuliko yote.

Hata hivyo, usiitupe "ndimi". Ukiitazama kwa marudio matatu, itafika asilimia 50, yaani wastani wa takribani 16.5 kwa kila marudio, ambao unaipita "nyavu" yenye 13. Hesabu ya hatua moja huona karibu mno.

Alama za darasani zikishuka, usishtuke. Mwanasaikolojia Richard Atkinson, katika jaribio lake la maneno ya Kijerumani lililochapishwa mwaka 1972, aliona kwamba mpango wa kuchagua maneno kwa hesabu kama hii ulileta makosa mengi wakati wa kujifunza, kisha ukaongoza katika mtihani wa wiki moja baadaye.

Mwisho, rudia hesabu kila siku. Ikiwa zimebaki siku 2, maneno yote yamerudiwa siku hiyo, na uimara ni uleule, "ndimi" itaongeza 25 na "nyufa" 13 tu, na zamu zitakuwa zimegeuka.