Somo: Kufuatilia kimbunga kinachopata nguvu kwa kasi kabla hakijafika nchi kavu

Ndugu wanachama, hapa Dodoma tuko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, lakini ni wachache miongoni mwetu wasio na mtu wao Mafia, Kilwa, Lindi au Mtwara. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, wengi wetu tulishinda na simu mkononi tukiuliza mambo ambayo tungeweza kuyapima wenyewe kwa ramani, rula na penseli. Somo hili ni la kufuatilia tu. Amri ya kuhama au kutotoka na chombo baharini hutoka kwa mamlaka, nayo haisubiri hesabu zetu.

Hatua ya kwanza: pata taarifa, kisha isome saa yake. Kituo cha Météo-France kilichoko kisiwa cha La Réunion ndicho chenye dhamana ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari kwa ajili ya pwani yetu. Nafasi ya kimbunga hupimwa kila baada ya saa 6, kwa saa za kimataifa (UTC): 00, 06, 12 na 18. Kwetu hizo ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma 18 nikaiandika kuwa saa kumi na mbili jioni, nikampigia mdogo wangu aliyeko Kilwa na kumpa makadirio yenye kosa la saa tatu nzima. Tangu siku hiyo naandika saa ya Kiswahili pembeni ya kila nukta kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Hatua ya pili: weka nukta kwenye ramani. Tuseme saa tatu asubuhi kitovu kiko latitudo 9.0 kusini na longitudo 43.0 mashariki, na saa tisa alasiri kiko 8.7 kusini na 42.2 mashariki. Kwa saa 6 kimesogea nyuzi 0.8 kuelekea magharibi na 0.3 kuelekea kaskazini. Katika eneo letu nyuzi moja ni takribani kilomita 110, kwa hiyo kimekwenda karibu kilomita 94, sawa na kilomita 16 kwa saa. Sasa weka rula juu ya nukta hizo mbili na urudie hatua ileile mara tatu: utafika 7.8 kusini na 39.8 mashariki, yaani Mafia, baada ya saa 18, ambayo ni saa tatu asubuhi ya siku ya pili. Hayo ni makadirio ya kitovu peke yake. Upepo mkali hutangulia, hivyo chukua umbali ambao taarifa inasema upepo huo umeenea kutoka kwenye kitovu, uutoe kwenye umbali uliobaki, kisha ugawe jibu kwa kasi ya kimbunga, na saa utakazopata ndizo utakazomwambia ndugu yako.

Hatua ya tatu: andika nguvu, na zaidi ya hapo andika mabadiliko yake. Kasi ya upepo hutolewa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Zidisha kwa 1.85 upate kilomita. Katika bahari yetu mfumo huitwa dhoruba na kupewa jina unapofika noti 34, na huwa kimbunga kamili unapofika noti 64. Ongezeko la noti 30 au zaidi ndani ya saa 24 ndilo wataalamu wanaloliita kupata nguvu kwa kasi. Kwa hiyo noti 75 za leo zilizokuwa 45 jana zinanitisha kuliko noti 80 ambazo hazijabadilika kwa siku mbili. Tazama pia mgandamizo wa hewa katikati: namba ya hektopaskali ikishuka kila taarifa, kimbunga kinakaza.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza maisha. Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2023, Otis ilikuwa bado dhoruba ya kitropiki katika Bahari ya Pasifiki. Usiku uleule, muda mfupi baada ya saa sita, iliingia nchi kavu karibu na Acapulco, Meksiko, ikiwa kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo cha Marekani. Mifumo mikuu ya kompyuta haikuonyesha ongezeko la kiasi hicho. Mtu aliyelala akiamini taarifa ya asubuhi aliamkia janga lingine kabisa. Maji ya bahari yenye joto la kutosha hadi kina kirefu, unyevu mwingi hewani, na upepo wa juu usiotofautiana sana na wa chini vinapokutana, kimbunga hakina kinachokizuia.

Hatua ya nne: tazama picha za setilaiti. Chagua zile zinazopima joto la vilele vya mawingu, kwa kuwa huonekana hata usiku. Mawingu yaliyotawanyika yakianza kujikusanya kuwa duara, na katikati pakatokea tundu dogo lililo safi, hilo ni jicho, na kimbunga kimejipanga. Jicho dogo sana ni dalili ya mfumo unaoweza kubadilika haraka, kupanda au kushuka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Ramani ina umbo linalopanuka kama pembe. Ndugu zangu wako nje ya pembe hiyo, je, wako salama?*

Marahaba. Hapana. Umbo hilo huonyesha mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, nalo hupanuka kwa sababu makosa ya utabiri huongezeka kadiri siku zinavyosonga. Halionyeshi ukubwa wa upepo wala mvua.

*Kikiingia Mafia kikielekea magharibi, Kilwa iliyo kusini itaathirika kuliko Dar es Salaam?*

Kwa upande wa bahari, ndiyo. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, kwa hiyo upande wa kusini wa kitovu upepo husukuma maji kuelekea nchi kavu, na mwendo wa kimbunga wenyewe unauongezea nguvu. Upande wa kaskazini upepo hutoka bara. Mvua, hata hivyo, haifuati mgawanyo huo.

*Mimi ni mkulima wa alizeti Kongwa. Kimbunga cha mbali kinanihusu nini?*

Msimu wetu mmoja wa mvua huenda sambamba na msimu wa vimbunga. Kikiwa ndani ya Mlango-Bahari wa Msumbiji kinaweza kutunyang'anya unyevu tukapata siku kavu katikati ya msimu. Kikiwa mashariki mwa Madagaska mara nyingine huvuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo. Kabla ya kupanda au kuweka mbolea, soma utabiri wa TMA wa siku 10.

*Nukta zangu zikipingana na taarifa ya TMA, nifuate ipi?*

Fuata TMA. Kisha rudi kwenye karatasi yako uanze kwa kukagua saa ulizoandika pembeni.