Pikapu mpya, kromu ina kutu: jinsi ya kudai waranti ukiwa Kisumu, Nakuru au popote magharibi

Ukiona vidoa vya kahawia kwenye kromu ya gari ambalo hata mkopo wake hujamaliza kulipa, mkono utakwenda wenyewe kwenye kitambaa na polishi. Uzuie. Ukishasugua, vidoa vinapungua, kromu inabaki na mikwaruzo, na mkaguzi wa muuzaji ataandika kwamba mikwaruzo hiyo ndiyo iliyoleta kutu. Gari likae na kutu yake mpaka utakapomaliza hatua hizi.

Nina duka la pembejeo Ahero. Pikapu yangu niliinunua mpya mjini Kisumu, ikiwa na mabomba ya kromu ya kukanyagia chini ya milango. Mwezi wa saba tangu niinunue, mabomba yakaanza kutoka vipele vyekundu. Nilipata mabomba mapya mwishowe, ila nilipoteza muda mwingi kwa kutojua mambo ambayo nayaandika hapa.

Jua kwanza kinacholika ni nini

Kromu yenyewe haishiki kutu. Ile ya mapambo ni utando mwembamba ajabu, haufiki hata mikroni moja, umelazwa juu ya tabaka nene zaidi la nikeli. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi, kwa hiyo pima mwenyewe. Utando huo una vitundu na nyufa ambazo jicho halioni. Nikeli ikiwa nene vya kutosha, maji hayafiki chini. Ikiwa nyembamba, au chuma hakikusafishwa vizuri kabla ya kupakwa, maji yanapenya, chuma kinaoza na kutu inachomoza juu kama harara. Hoja yako yote imekaa hapo: kosa lilifanyika kiwandani, kabla gari halijafika kwako.

Si kila king'aacho ni chuma, lakini. Chukua sumaku ndogo uiweke juu ya kila kipande. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa kromu, na kutu yake ni nyekundu au kahawia. Isiposhika, huenda ni plastiki, kama grili na fremu za vioo vya pembeni katika magari mengi ya leo, au ni zinki, aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Plastiki haina kutu. Kromu yake huvimba malengelenge na kubambuka. Zinki hutoa unga mweupe. Andika kilichopo. Ukiandika "kutu kwenye grili" na grili ni ya plastiki, watakujibu kwa mstari mmoja kwamba plastiki haishiki kutu, na faili itafungwa.

Karatasi ipi inabeba kipande kipi

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nenda polepole. Toa kitabu cha waranti, ankara ya kununulia gari na hati ya makabidhiano, uvitandaze mezani.

Kipande kilichotoka kiwandani na gari kimo ndani ya waranti ya gari lenyewe. Kipande ambacho muuzaji alikifunga kama nyongeza mara nyingi kina waranti yake peke yake, fupi zaidi, inayohesabiwa kwa miezi au kilomita, lolote litakalotangulia. Utakitambua kwa kuwa kina mstari wake na bei yake kwenye ankara. Mabomba yangu yalikuwa hivyo: waranti ya gari ilikuwa ya miaka mitatu, ya mabomba miezi 12. Na kama ngao ya mbele uliifunga kwa fundi wa Kondele, usimwendee muuzaji wa gari. Risiti ya fundi ndiyo waranti yako.

Angalia pia ukurasa wa kutu. Vitabu vingi hutaja miaka mingi, mtu akafurahi. Soma maneno yake: kwa kawaida ni kutu iliyotoboa bati la bodi kutoka ndani kwenda nje. Kromu haimo. Usijenge madai yako juu ya ukurasa huo.

Weka ushahidi siku hiyo hiyo

Osha gari kwa maji na sabuni laini tu, lisubiri likauke, kisha piga picha mchana kivulini. Ya kwanza ionyeshe gari zima na namba yake ya usajili, ya pili kipande kizima, ya tatu doa lenyewe kwa karibu, ukiweka sarafu ya shilingi kumi kando yake. Piga pia odomita na kibandiko cha namba ya chesi. Inama uangalie sehemu zilizojificha, hasa panapounganishwa kwa weldi na chini ya vibano. Kwenye mabomba yangu juu palikuwa na vipele vitatu vinne tu, lakini upande wa ndani, kando ya weldi, kidole kilikuwa kinakwaruzika kama kimepita kwenye msasa.

Halafu peleka gari na uhakikishe lalamiko limeandikwa kwenye kadi ya kazi. Mimi mara ya kwanza nililisema kwa mdomo nilipopeleka gari sevisi. Mshauri wa huduma akaangalia, akaniambia, "Madam, hii ni kutu ya juu tu, tutaiangalia sevisi ijayo." Nikamwamini. Sevisi iliyofuata ilikuwa mwezi wa 13, na mtu mwingine mezani akaniambia kwamba waranti ya mabomba imeisha na kwenye kompyuta hakuna lalamiko lolote. Kilichoniokoa ni picha mbili nilizokuwa nimemtumia yule wa kwanza kwa WhatsApp, tarehe na saa zikiwa juu yake. Usitegemee bahati kama hiyo. Kabla hujasaini kadi, soma kama imeandikwa "mteja analalamikia kutu kwenye kromu", kisha omba nakala.

Andika barua, hata kama wamekuambia haina haja

Ukurasa mmoja unatosha. Ipeleke kwa barua pepe, na nakala nyingine uigongeshe muhuri mapokezi. Yangu ilikuwa hivi:

"Kwa Meneja wa Huduma. YAH: KUTU KWENYE MABOMBA YA KUKANYAGIA. Nilinunua gari hili kwenu (namba ya usajili, namba ya chesi, tarehe ya kukabidhiwa). Mabomba mawili ya kromu mliyafunga ninyi, ankara namba hii. Kutu ilionekana mwezi wa saba, gari likiwa limetembea kilomita hizi, nikamjulisha mshauri wenu tarehe hii. Sevisi zote zimefanyika kwenu. Naomba mabomba yote mawili yabadilishwe chini ya waranti. Naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mkikataa, naomba mnitajie kifungu cha waranti mnachokitegemea. Nimeambatanisha picha sita, ankara na nakala ya kitabu cha sevisi."

Hiyo sentensi ya kutaja kifungu ina uzito kuliko zote. Ni rahisi kumwambia mtu "haiwezekani" akiwa amesimama kaunta. Kuandika ni kwa nini ni kazi nyingine.

Siku ya ukaguzi

Uwepo mwenyewe. Muuzaji hupiga picha zake na kuzipeleka kwa mwagizaji au kwa mtengenezaji, ambako uamuzi hutolewa, kwa hiyo anachoandika mkaguzi pale ndicho kitakachosomwa na watu ambao hawatawahi kuliona gari lako. Utasikia hoja kadhaa.

Chumvi ya ziwa. Hii ikatae bila wasiwasi: Ziwa Victoria ni maji baridi, si bahari. Unyevu wa Kisumu upo, na mvua ya Kericho ipo, lakini gari linalouzwa hapa linatakiwa kustahimili mvua ya hapa. Mwenye gari Nakuru awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa Ziwa Nakuru ni la magadi na vumbi la ufuoni ni suala jingine.

Mbolea. Hii ilinihusu mimi, na ina ukweli: chumvi za CAN na DAP hula chuma kweli. Nikamwonyesha mkaguzi kwamba magunia hukaa nyuma, na kwamba vibano vya chuma kule nyuma vilikuwa safi. Kutu ilikuwa mbele, ndani, kando ya weldi. Akaandika hivyo.

Mawe ya murram. Jiwe huacha shimo lenye ncha, pamoja na alama kwenye rangi ya jirani. Kipele cha kutu huinuka kutoka chini na hakina jirani aliyepigwa. Mwombe apige picha sehemu hiyo kwa karibu.

Asidi ya kuoshea rimu. Hapa nilishindwa, na walikuwa na haki. Vipande vya kromu kwenye grili vilikuwa na ukungu mweupe kwa sababu vijana wa kuosha magari walivipaka dawa ya rimu, nami nikaruhusu. Uharibifu wa kemikali haumo kwenye waranti. Kuanzia leo waambie waziwazi: sabuni ya kawaida, hakuna asidi.

Wakikataa, au wakinyamaza

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 kinamhesabu muuzaji kuwa amekudhaminia ubora huo, hata kama kitabu chake hakisemi. Kwa hiyo miezi 12 ya kwenye karatasi ikipita, mlango haujafungwa wote. Vitaje vifungu hivi katika barua ya pili, umpe siku 14 nyingine.

Baada ya hapo unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia malalamiko ya watumiaji. Ukitaka pesa yako, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Kisumu na Nakuru zote zinayo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Beba barua zako, kadi ya kazi na makadirio ya bei ya kubadilisha kipande.

Mimi sikufika huko. Wiki sita baada ya barua, mabomba yalikuja. Likikujia kipande kipya, usisaini kukipokea kabla hujapitisha kidole kando ya weldi na chini ya vibano, kisha uliza waranti yake inaanza kuhesabiwa lini na waandike jibu kwenye kadi ya kazi.