Kuuza mahindi kwa vinu vya Nairobi: hesabu ya kufanya kabla ya kuita lori

Hadi mwishoni mwa 1993, bei ya mahindi nchini Kenya ilitangazwa na serikali, Bodi ya Nafaka na Mazao ikanunua, na kuvusha magunia wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali. Soko lilipofunguliwa, bei ikahamia langoni mwa boma, ambako mwenye magunia matano hana sauti. Kwa hivyo anzeni kwa kuungana: lori la tani 10 hubeba magunia 111 ya kilo 90, na wakulima 12 wenye magunia tisa tisa hulijaza karibu lote.

Kabla ya kutenga ya kuuza, toa ya nyumbani: takribani gunia moja kwa kila mtu kwa mwaka. Wengi huuza yote wakati wa mavuno, kisha Juni wananunua unga dukani kwa bei ya juu.

Vinu vya Eneo la Viwanda hupima unyevu getini, na kiwango ni asilimia 13.5. Nyumbani tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita takribani asilimia 15. Isiponata, huenda bado umepita 13.5, kwa hivyo anika tena juu ya turubai, kisha upime kwa mashine. Msiruhusu gunia bichi hata moja: hupata joto, huota ukungu na kuzaa sumukuvu (aflatoxin), ambayo haitakiwi kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo. Lori zima likikataliwa, mabroka wanaosubiri nje watawapa bei wanayotaka wao.

Sasa linganisheni kwa kilo kavu, si kwa gunia. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikauka hadi 13.5 hubaki kilo 83. Tuseme broka anatoa Sh3,000 kwa gunia hilo bichi. Hiyo ni Sh36 kwa kilo kavu. Kinu kinatoa Sh42, yaani Sh3,780 kwa gunia kavu. Toa nauli Sh250, gunia Sh50, kupakia na kupakua Sh60, ushuru wa kaunti Sh40. Unabaki na Sh3,380, karibu Sh37.50 kwa kilo. Faida ni shilingi moja na nusu tu! Kama kinu hulipa baada ya mwezi na karo inadaiwa leo, muuzie broka bila kuona haya. Lakini mizani yake ijaribuni kwanza kwa beli ya unga ambayo haijafunguliwa: pakiti 12 za kilo mbili, kilo 24.

Ukiweza kungoja, hifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yakiwa makavu kabisa, la sivyo yataoza humo. Dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka ghalani, hufa kwa kukosa hewa. Bei hupanda kuanzia Machi, ila usivuke Mei na shehena yote. Kuanzia Juni mahindi ya Uganda huingia kupitia Busia na ya Tanzania kupitia Namanga, bila ushuru wa forodha, kwa kuwa yametoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zaidi ya hapo, serikali yenyewe inaweza kufungua bandari, kama ilivyofanya 2017 baada ya ukame, mahindi ya Mexico yakashuka Mombasa.