Swala akivuka, tazama alikotoka

Mbinu hii ya kuepuka kugonga wanyama barabarani nimeipata kwa dereva wa lori pale Doma, tukielekea Mbeya na gari letu la kulala, kabla ya kile kipande cha takriban kilomita 50 ambapo barabara ya Morogoro–Iringa inakatisha Hifadhi ya Mikumi. Mnyama akivuka mbele yako, usimsindikize kwa macho. Huyo kashapita. Punguza mwendo, geuza macho upande alikotokea, na usikanyage mafuta mpaka uhesabu kumi polepole. Swala pala na pundamilia hutembea kwa makundi, na aliyeachwa nyuma akiona wenzake wako ng'ambo hutoka mbio bila kuangalia gari. Wengi hugonga wa pili au wa tatu, si wa kwanza. Honi iache, maana humshtua akakurudia barabarani.

Haifanyi kazi sana wakati wa masika, majani yakiwa marefu hadi ukingoni, kwa sababu huoni kitu mpaka kimeshatoka. Usiku ndiyo kabisa. Sisi siku hizi tukikutwa na giza tunalala Morogoro. Na kama nyuma una semi-trela imekubana, washa taa za tahadhari mapema, kanyaga breki kidogo kidogo. Tembo wana hesabu yao: simama mbali, wape dakika wanazotaka, usijipenyeze kati ya mama na mtoto hata kama mabasi yanakupita.