Namna ya Kuuona Mmea Ukizoea Baridi, Hata Ukiwa Lamu

Mkaazi wa Lamu ana haki ya kuuliza baridi ya mimea inamhusu nini, kwa kuwa hata kusi ya Julai ikivuma haimlazimu kujifunika zaidi ya shuka. Hata hivyo, matokeo ya kazi ya vimeng'enya vinavyouandaa mmea kwa baridi, yaani kinasi, yanaweza kupimwa papa hapa kwa miche ya sukuma wiki, friji ya soda yenye mlango wa kioo, maji ya betri (yale yaliyotoneshwa, si asidi), na ile kalamu ya kupimia chumvi ya maji ya kisima.

Kinasi huchukua fosfati kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, nayo protini hiyo hubadilika tabia. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukuma wiki, baridi huiamsha kinasi iitwayo OST1, ambayo huibandika fosfati protini ICE1 ili isivunjwe. ICE1 ikisalimika huziwasha jeni za CBF, ambazo huitika katika dakika 15 hivi, na hizo nazo huamsha jeni nyingi za kinga, hata sukari ikaongezeka ndani ya seli na utando wake usipasuke kwa urahisi. Si kinasi zote zinazovuta upande mmoja, na kwangu hapo ndipo penye utamu: MPK3 na MPK6 huibandika ICE1 hiyo hiyo mahali pengine, ikavunjwa upesi. Breki hiyo ina maana yake, kwani mmea uliojaa CBF wakati wote hudumaa. Katika mpunga mambo ni kinyume, kwani huko MPK3 ndiyo inayoilinda ICE1.

Chukua miche 6 ya sukuma wiki ya umri mmoja, iliyooteshwa kwenye mikebe. Mitatu iache kivulini penye mwangaza, na mitatu iweke kwa siku 7 katika friji ya soda yenye nyuzi 4 hadi 8, taa yake ikiwaka mchana. Friji ya nyumbani haifai, kwa sababu ndani yake mna giza, na mmea usiopata mwanga hauzoei baridi vizuri. Mwenye duka mwombe mapema, na umweleze kwamba udongo hautamwagikia chupa zake.

Siku ya 8, kata vipande vya majani vyenye ukubwa sawa, vioshe kwa maji ya betri, kisha vitie kwenye vichupa safi vyenye vifuniko, kila kimoja kikiwa na tone la maji na chembe ya barafu. Ponda barafu ndani ya ndoo, uichanganye na chumvi kidogo kidogo huku ukitazama kipimajoto, mpaka ifike nyuzi 5 chini ya sifuri. Zamisha vichupa kwa saa moja, vifuniko vikiwa juu ya mchanganyiko, kwani tone moja la chumvi likiingia litaharibu kipimo chote. Baadaye viache viyeyuke polepole ndani ya friji.

Tia mililita 20 za maji ya betri katika kila kichupa, subiri saa 3, kisha chovya kalamu na uandike namba. Seli iliyopasuka humwaga chumvi zake majini, kwa hiyo namba kubwa ni dalili ya madhara makubwa. Mwishoni chemsha kila kichupa ili seli zote zife, kiache kipoe, upime tena. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, upate sehemu iliyovuja. Majani ya friji yanatarajiwa kuvuja kidogo kuliko ya kivulini. Yakilingana, rudia kwa nyuzi 3 au 7 chini ya sifuri, kwa maana huenda baridi ilikuwa hafifu mno au kali mno kwa yote.

Jaribio hili haliionyeshi kinasi yenyewe, ambayo huhitaji maabara. Ukitaka kulinganisha, rudia kwa mche wa nyanya: nao una jeni za CBF, lakini zinaamsha jeni chache zaidi za kinga.