Kuchanganya epoksi ya boti isigome kukauka
Jamani mafundi boti, epoksi (resini inayochanganywa na hadna, yaani kigandishi chake) sio faiba ile ya polista ambayo ukitaka ikauke haraka unaongeza matone ya hadna, hapa hadna ni sehemu ya epoksi yenyewe, ukizidisha au ukipunguza inabaki inanata tu hata mwezi upite. Soma kopo kwanza: zingine ni resini 2 kwa hadna 1, resini ya West System 105 na hadna yake 205 ni 5 kwa 1 kwa ujazo. Ukipima kwa mzani hakikisha kopo limeandika uwiano wa uzito, maana haulingani na wa ujazo.

Koroga dakika 2 nzima, taratibu, na kijiti chenye ncha bapa ukikwangua kuta, kona na chini kabisa, huko ndo resini inajificha bila kuchanganyika. Ukimaliza kukoroga mimina kwenye trei pana fasta, ikikaa imejaa kikombeni inajipasha moto yenyewe mpaka inatoa moshi. Kwa joto letu la pwani changanya kidogo kidogo asubuhi, nunua hadna ya taratibu (inayochelewa kukausha), na glavu usivue kabisa, aleji yake ikishakushika haikuachi.